Alama za Majaribio Hupandishwa na Nini?

Imeenea dhana kwamba mtahiniwa akipewa mitihani mingi ya majaribio, alama zake zitapanda zenyewe. Mimi sikubaliani na dhana hiyo, na ningependa wanachuo waitafakari kabla hawajakabidhiwa madarasa. Mizani haiongezi uzito wa gunia, hata likipimwa mara kumi.

Nitatumia mfano wa mbali kidogo. Huko Marekani, tangu mwaka 1954, umekuwapo mtihani wa kuwachagua wanaotaka kuingia shule za biashara kusomea shahada ya uzamili. Tangu 1976 waitwa GMAT, na siku hizi hufanywa katika nchi nyingi. Nimeuchagua kwa sababu wenye mtihani hutoa majaribio yanayofanana sana na mtihani halisi. Kwa hiyo faida ya majaribio, na mipaka yake, huonekana waziwazi. Una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na alama zake huanzia 205 hadi 805.

Tuseme mtahiniwa amepata 555 katika jaribio la kwanza, naye ahitaji 645. Wengi wenye shida kama hiyo hulirudia jaribio lile lile kesho yake, wakapata zaidi, wakafurahi. Lakini maswali mengine wamekwisha kuyaona. Kilichopanda ni kumbukumbu, si uwezo, na mtihani halisi utakuja na maswali mageni. Akianguka, itambidi angoje siku 16 ndipo aurudie, tena kwa ada nyingine.

Alama hupanda katika siku zilizo kati ya jaribio na jaribio. Mtahiniwa makini hulishika kila swali alilokosa akajiuliza: sikuijua kanuni, au niliijua ila sikusoma swali vizuri, au muda ulinibana? Asiyejua kanuni na arudi kwenye somo. Lakini aliyesoma vibaya, kumfundisha kanuni upya hakumsaidii kitu. Huyo ahitaji kuzoea kueleza kwa maneno yake mwenyewe kinachoulizwa, kabla hajagusa kalamu. Aliyebanwa na muda ana shida nyingine kabisa. Sehemu ya hesabu ina maswali 21, yaani dakika mbili na ushei kwa kila swali. Anayeng'ang'ania swali moja kwa dakika sita amekwisha kuyadhulumu mengine mawili. Na liko jambo ambalo karibu wote hulisahau: jibu sahihi lililopatikana kwa kubahatisha. Hilo nalo lataka kuchunguzwa kama kosa, ingawa limewekewa alama ya vema.

Mwanachuo aweza kuuliza haya yamhusu nini mwalimu wa Darasa la Saba. Yamhusu sana. Ziko shule ambazo majaribio hufanywa kila Ijumaa, alama zikabandikwa ukutani, na Jumatatu mada mpya ikaanza kabla karatasi hazijarudishwa. Mtoto aliye mkiani mwa orodha hajui kama kilichomwangusha ni kugawanya au ni neno "salio" ambalo hakulielewa. Alichojifunza wiki nzima ni kwamba yeye ni wa mwisho.

Sisemi majaribio yaachwe. Watoto wapaswa kuizoea saa, na ule ukimya wa chumba cha mtihani ambao huwatisha hata wakubwa. Ila kwa maoni yangu majaribio mawili kwa muhula, kila moja likifuatwa na vipindi vya kutosha vya kuyachambua makosa, yazidi faida ya majaribio kumi yasiyosomwa na mtu.

Katika vipindi hivyo, hasa kwa watoto wanaosoma maswali kwa pupa, tungeweza kuazima aina moja ya swali la GMAT. Mtahiniwa hatakiwi kutoa jibu. Huulizwa tu kama habari alizopewa zatosha kulipata. Andika ubaoni: "Asha alinunua madaftari na kalamu kwa shilingi 3,000. Kalamu moja ni shilingi 500. Daftari moja ni shilingi ngapi?" Wengi watakimbilia kutoa, wapate 2,500, na mikono itanyoshwa. Usiwakatize. Mngoje yule mmoja atakayeuliza, pengine kwa sauti ya chini, Asha alinunua kalamu ngapi, na madaftari mangapi.