Ziwa Edouard: pirogi ipite mbali na viota

Huko Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, kuzungumzia mayai ya ndege wakati huu wa vita kunaweza kuonekana kama mzaha. Familia zilizokimbia mashamba yao zinatafuta chakula cha jioni. Mwenye pirogi anahesabu bei ya mafuta. Mama muuza samaki anajiuliza kama kesho atapata kitu cha kupeleka sokoni. Ni nani kati yao mwenye nafasi ya kufikiria mwari na mnandi?

Jibu liko ndani ya matete. Ndege wengi wa maji wanataga katika matete na mafunjo, kandokando ya ziwa na kwenye midomo ya mito Rutshuru na Rwindi. Katika maji hayo hayo yasiyo na kina, tilapia wanazaa na watoto wao wanajificha. Pirogi inayopasua matete kwa kutafuta njia ya mkato inabomoa nyumba mbili mara moja: ya ndege juu, ya samaki chini.

Ndege akishtuliwa anaruka na kuacha mayai wazi. Jua ni kali, na mwewe hangoji. Kuna pia ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya maji. Kiota chake kinaelea, na ni dume ndiye anayelalia mayai. Wimbi la injini linaweza kukizamisha, na mwenye injini asijue hata kidogo alichofanya.

Wavuvi wengine wanasema ndege ni wezi wa samaki. Ni kweli, mnandi anakula samaki. Lakini kinyesi chake kinarudi majini na kulisha ziwa, na mvuvi mwenye uzoefu anatazama ndege wanapozamia kabla ya kutupa wavu. Marabu wa Vitshumbi, wanaokula matumbo ya samaki ufukweni, wanafanya usafi bila mshahara.

Wakaaji wa ziwa hili wanayo tayari hesabu ya viboko. Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 20,000 ndani ya mbuga ya Virunga. Katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,500, wengi wakiwa wameuliwa na watu wenye silaha. Kinyesi chao pia kilikuwa chakula cha ziwa. Kiumbe akimalizika, mfuko wa mvuvi unapungua.

Yanayoombwa si mazito. Karibu na matete, injini ipunguzwe, au izimwe na kafi ishikwe. Pirogi ikiona ndege wengi wanaruka kwa pamoja wakipiga kelele, hiyo ni alama kwamba imekaribia mno, igeuke. Mayai yasiokotwe. Matete ya kujengea vibanda yakatwe pasipo na viota. Nyavu zilizochakaa zirudishwe nchi kavu, kwa sababu uzi wa nailoni unanasa miguu ya ndege hata kama hakuna mvuvi.

Lakini heshima kwa ziwa haiwezi kudaiwa kwa wanyonge peke yao. Kuvua kwenye mazalio ya samaki kumekatazwa tangu zamani. Muhami aliyefika juzi kutoka milima ya Masisi hajui mpaka wa mazalio uko wapi, na kumnyang'anya wavu bila kumweleza ni kumfundisha kuvua usiku. Komite za wavuvi zimweleze siku anayofika, kwa lugha anayoisikia. Zisimike miti yenye vitambaa mahali pasipoingiwa. Radio za mahali zitangaze. Halafu sheria hiyo hiyo imguse mwenye injini kubwa na mwenye bunduki, sawasawa na mwenye kafi moja. Vinginevyo hakuna atakayeiheshimu.

Muhami hana shamba, hana mbuzi, hana akiba. Ziwa ndilo ghala lake la mwisho. Kwa hiyo kuwachunga ndege na matete si anasa ya watalii wala kazi ya walinzi wa mbuga tu. Mwenye njaa ndiye wa kwanza kupata hasara ziwa likiwa tupu, na ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kusikilizwa wakati wa kuamua pirogi zipite wapi.