Kikombe cha Chai na Historia ya Gwassi

Hapana nyumba katika pwani yetu isiyojua chai. Alfajiri baada ya sala huteremshwa birika, mahamri yakaletwa na mbaazi, na mazungumzo yakaanza. Chai hiyo nyingi hutoka Kericho na Bomet, na hushushwa katika maghala ya Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaoijua historia ya ardhi inayotupa kinywaji hiki?

Mtu wa pwani anayepanda bara kuzuru huko hustaajabu. Huona vilima vilivyofunikwa majani mabichi kama busati lililotandikwa, na mvua inyeshayo karibu kila alasiri. Husifu, akapigwa picha, akarudi kwao. Twasema kuwa ziara ya namna hiyo ni nusu ya ziara.

Mashamba yale makubwa yamekuta wenyewe pale. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilitenga ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani, wapate kulima kitani. Mradi huo ulianguka baada ya miaka michache, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakashika mahali pao. Kisha mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha Walaiboni, yaani jamaa za ukoo wa Talai, ambao serikali iliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza. Watu karibu 700, wazee kwa watoto, walitolewa katika baridi ya Kericho wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa joto, malaria na mbung'o. Wengi walifia huko. Waliosalia walirudi ulipokaribia uhuru, na wengine hawakukuta tena pa kukaa.

Sasa tutazame kwetu. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mwenye nyumba pale hawezi kubomoa ukuta wa babu yake apendavyo, na wapo wanaonung'unika. Lakini mtoto wa Lamu akiulizwa habari za wazee wake, ana mlango wa kuonyesha. Mtoto wa Talai ataonyesha nini?

Huenda msomaji akasema: Lamu kuna majumba na misikiti, Gwassi pana nini cha kuhifadhi? Jawabu tunalo hapa hapa pwani. Makaya ya Mijikenda hayana majumba ya fahari. Ni misitu, makaburi na njia za wazee. Hata hivyo mwaka 2008 nayo yaliingizwa katika orodha ile ile, kwa kuwa kumbukumbu ya watu ilihesabiwa kuwa ni mali. Kilichostahili kwa kaya hakiwezi kukosa kustahili kwa makaburi ya kando ya ziwa.

Basi twawasihi wanaohusika, Makumbusho ya Taifa pamoja na serikali za kaunti za Kericho, Bomet na Homa Bay, wakae na wazee wa Talai na wenyeji wa Gwassi, wayatafute makaburi hayo, wayaweke alama na kuyalinda kwa sheria. Habari za wazee zinaswe sasa, kwani aliyezaliwa mwaka ule wa 1934 amekwisha pita miaka 90, na kila mzee anayezikwa huondoka na ushahidi wake.

Lakini jiwe la ukumbusho lisifanywe badala ya haki. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kuwa Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa, na mwaka 2022 kesi yao dhidi ya Uingereza ilifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mdai hanyamazishwi kwa kupambiwa kaburi la baba yake. Madai ya ardhi na yaendelee mahali pake, na kumbukumbu ilindwe mahali pake.

Nasi watu wa pwani tuna sehemu yetu. Tumezoea kuwa wenyeji, wageni wakija kutazama milango yetu, na tunachukia mgeni apitaye asiulize lolote. Tukipeleka vijana wetu Kericho, tusiwe wageni wa namna hiyo. Tuwaambie washuke mpaka ziwani, wakae na wazee, wasikilize, na wawarehemu waliolala pale mbali na kwao.

Kisha wakirudi, birika likiteremshwa alfajiri, watajua wanakunywa nini.