Ruta ya mitumba lazima ianze na sufuri

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, mpenzi msomaji, kuna kitu kimoja ambacho siku hizi hujitembeza mitaani ilhali hakina ubaya wowote kwa maumbile yake. Nacho ni ruta iliyokwisha kutumika, yaani kile kisanduku chenye taa ndogondogo ambacho hupokea intaneti na kuisambaza nyumbani kwa njia ya waifai.

Si vigumu kuelewa jinsi visanduku hivi vinavyofika kwenye meza za mafundi wa simu katika miji kama Kericho, Litein, Sotik na Bomet. Familia inapobadilisha kampuni ya intaneti hupata kifaa kipya, na kile cha zamani hubaki kabatini kikila vumbi. Waliokuwa wakitumia ruta ya kutiwa laini ya simu wamefikiwa na faiba. Wengine, ambao maboma yao yako katikati ya mashamba ya chai mbali na faiba, wamenunua sahani za Starlink tangu kampuni hiyo ilipoanza kuhudumia Kenya mnamo Julai 2023. Basi kile cha kale huuzwa, na mzazi mwenye kijana katika Chuo Kikuu cha Kabianga hukinunua kwa bei nafuu na kufurahi.

Furaha hiyo ni halali. Lakini kuna jambo ambalo muuzaji aghalabu hatakwambia, pengine kwa sababu yeye mwenyewe halijui. Ruta haina habari kwamba imeuzwa. Itaendelea kumtii mwenyewe wa zamani hadi wewe uyafute maagizo yake na kuipa yako.

Mkulima wa majani chai hahitaji kufundishwa jambo hili. Anapofika katika kituo cha kununulia majani, hatazami kwanza mfuko wake bali mizani. Kama mizani haisomi sufuri kabla ya mfuko kupandishwa, hakuna hesabu yoyote itakayofuata ambayo ataiamini. Ruta ya mitumba nayo ni vivyo hivyo. Ianze na sufuri, kisha mengine yafuate.

Hasara iko wapi?

Huenda ukauliza, "Jirani akiingia katika waifai yangu, si atakula tu bando kidogo?" La, hasara haiishii hapo. Ni kweli kwamba mtu aliyeingia katika waifai yako hawezi kusoma vivi hivi PIN yako ya M-PESA wala neno la siri la benki, kwa kuwa mawasiliano hayo hufungwa kwa njia nyingine. Lakini anaweza kufikia kompyuta, kamera na picha ambazo hazikufungwa vyema humo nyumbani. Anaweza kutenda uovu mtandaoni, na wachunguzi wakifuata nyayo wakafika mlangoni kwako.

Akifaulu kuingia hata katika ukurasa wa usimamizi wa ruta ndipo mambo huharibika kabisa. Huko anaweza kubadilisha njia ambayo ruta hutumia kutafuta anwani, ili unapotaka tovuti fulani uelekezwe kwenye tovuti bandia inayofanana nayo. Hebu fikiria jambo hilo likitokea msimu wa bonasi ya chai, wakati pesa za mwaka mzima ziko katika akaunti.

Isitoshe, kuna wezi wasiojua hata Kericho iko wapi. Mwaka wa 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na ruta za watu. Vifaa vilivyonaswa vilitumiwa mnamo Oktoba mwaka huo kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mnamo Mei 2018 iligunduliwa nyingine kwa jina VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika ruta na vifaa vingine visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Wenye vifaa hivyo walikuwa watu wa kawaida kama wewe na mimi.

Kabla ya kutoa pesa

Igeuze ruta uitazame chini. Hapo pana karatasi iliyobandikwa yenye jina la kiwanda, namba ya modeli, jina la waifai na maneno ya siri ya kiwandani. Iandike namba ya modeli, kisha uitafute katika tovuti ya kiwanda chenyewe. Unataka kujua jambo moja: je, kiwanda bado kinaitolea modeli hiyo marekebisho ya programu? Ikiwa marekebisho ya mwisho yalitolewa miaka mingi iliyopita, achana nayo hata ukiuziwa kwa bei ya kikombe cha chai. Kila kasoro inayogunduliwa katika ruta ya aina hiyo itabaki wazi milele.

Pili, uliza inatumia kufuli gani. Kufuli ya kwanza ya waifai, WEP, ilikuja mwaka wa 1997 na kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameonyesha jinsi inavyovunjwa. WPA2 ilitoka mwaka wa 2004, na WPA3 ikafuata mwaka wa 2018. Usikubali iliyo chini ya WPA2.

Tatu, tazama kama ina nembo ya kampuni ya intaneti. Baadhi ya ruta huwa mali ya kampuni na mteja hupewa azima tu. Ukinunua ya namna hiyo unaweza kujikuta umenunua mali isiyokuwa ya muuzaji. Nyingine zimefungwa zisikubali huduma ya kampuni nyingine. Muulize muuzaji, na ukiwa na shaka wapigie simu wenye nembo.

Kuirudisha kwenye sufuri

Umekwisha nunua na umefika nyumbani. Usichomeke waya wa intaneti wala kutia laini ya simu kwanza. Iwashe ruta, isubiri dakika mbili, kisha tafuta kijitundu au kidude kidogo nyuma yake. Kibonyeze kwa sindano au ncha ya kalamu kwa sekunde 10 hadi 30, mpaka taa zizimike au zimetemete zote. Hapo maagizo ya mwenyewe wa zamani yamefutika. Tahadhari tu kwamba ikiwa ruta hiyo ndiyo unayotumia sasa na kampuni yako, maagizo yao nayo yatafutika. Waulize kwanza jina na neno la siri la kuiunganisha upya.

Watu wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Kumbe hawajafika hata nusu ya safari! Ruta iliyorudishwa kiwandani hurudi na maneno ya siri ya kiwandani, yale yale yaliyoandikwa kwenye karatasi ya chini. Na ni nani aliyekaa na karatasi hiyo kwa miaka mitatu? Ni aliyekuuzia, watoto wake na kila mgeni aliyewahi kuipiga picha. Katika miji yetu midogo mtu huyo huenda anaishi ploti moja nawe, ukuta kwa ukuta.

Kwa hivyo unganisha kompyuta au simu na ruta, kisha ufungue ukurasa wa usimamizi kwa anwani iliyo kwenye ile karatasi. Aghalabu huwa 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Humo kuna funguo mbili za kubadilisha, na ni muhimu usizichanganye. Ufunguo wa waifai humruhusu mtu kuingia nyumbani. Ufunguo wa usimamizi humruhusu kubadilisha kufuli zote na kukufungia nje. Wengi hubadilisha wa kwanza na kuusahau wa pili, ambao ndio mkubwa. Badilisha yote miwili, na isifanane.

Neno la siri la waifai

Katika nchi yetu kuna mazoea ya kuifanya namba ya simu kuwa neno la siri la waifai. Tafadhali acha. Namba zetu zina tarakimu kumi na huanza na 07 au 01, kwa hivyo kwa kila mwanzo hubaki tarakimu nane tu za kubahatisha. Mwizi hahitaji kusimama mlangoni kwako akijaribu moja baada ya nyingine. Hunasa salamu ambazo simu yako hupeana na ruta, akaenda nazo kwake, kisha kompyuta yake ikajaribu namba zote milioni 100 bila wewe kujua. Kwa kompyuta yenye nguvu kazi hiyo haimalizi siku.

Chagua badala yake maneno manne au matano yasiyohusiana, na uyaunganishe. Unaweza kuchanganya Kiswahili, Kipsigis na neno ulilolizoea utotoni. WPA2 hukubali herufi 8 hadi 63, kwa hivyo nafasi unayo tele. Jina la waifai nalo lisitaje ukoo wenu wala namba ya nyumba, kwa sababu kila apitaye njiani hulisoma.

Kisha zima kitu kinachoitwa WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kidude au kwa namba ya tarakimu nane. Desemba 2011 mtaalamu Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, na hivyo badala ya mamilioni ya majaribio, 11,000 yanatosha. Zima pia usimamizi wa kutoka mbali, ili ukurasa ule ufunguke tu kwa aliye ndani ya nyumba.

Marekebisho na mvua ya alasiri

Sasa pakua programu mpya ya ruta kutoka tovuti ya kiwanda na uiweke, hata kama iliyomo inaonekana si ya zamani. Kubonyeza kile kidude hufuta maagizo, lakini hakubadilishi programu yenyewe, na huwezi kujua mikono iliyoipitia.

Wakazi wa Kericho na Bomet wana neno la ziada la kuzingatia hapa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ruta inaweza kufa isiamke tena. Nanyi mnazijua alasiri za huko, jinsi mawingu yanavyojikusanya juu ya chai, radi ikapiga na mvua ya mawe ikafuata. Fanya kazi hiyo asubuhi anga likiwa jeupe. Na radi ikianza siku yoyote, chomoa ruta ukutani.

Mwisho kabisa, fungua waifai ya wageni ikiwa ruta yako inayo. Marafiki wa watoto, mpangaji wa chumba cha nje, televisheni na kamera viwe huko. Kompyuta na simu za wazazi zibaki kwenye waifai ya nyumbani. Kwa njia hiyo unaweza kuwa mkarimu bila kugawa ufunguo wa chumba cha kulala.

Neno kwa vijana

Najua miongoni mwenu wanafunzi kuna wanaojua kuvunja waifai ya jirani na kuona ni mchezo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 haioni hivyo. Kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kunaweza kukutoza faini ya hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ujuzi huo utumie kuwafungia wazazi wako ruta yao. Kazi yote hii haichukui zaidi ya saa moja.

Na siku utakapouza ruta yako, itendee haki. Mwaka wa 2023 kampuni ya usalama ya ESET ilinunua ruta 18 za maofisi zilizokuwa zimetumika. Zaidi ya nusu ya zile zilizochunguzwa zilikuwa bado zimebeba siri za wenyewe wa zamani. Toa laini ya simu, bonyeza kile kidude mpaka taa zimetemete, ndipo uipeleke sokoni.

Alhasili, mpenzi msomaji, kununua cha mitumba si aibu wala si ujinga. Makosa ni kukiingiza nyumbani kikiwa bado na bwana mwingine. Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, igeuze ruta yako uitazame chini. Ikiwa neno la siri mnalotumia ndilo lililoandikwa pale, basi una kazi ya kesho asubuhi.