UCHANGANUZI: Kipakatalishi kikuukuu kisichokoma kuharibika ni mzigo wa nani?

TANGU Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilipokomesha utoaji wa kawaida wa marekebisho ya kiusalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, suala la vipakatalishi vikuukuu limerejea vinywani mwa watu kwa kishindo. Mfumo uliochukua nafasi yake, Windows 11, haukubali rasmi kupakiwa katika tarakilishi nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka wa 2018 hivi. Ni desturi ya miaka mingi kwamba mashine zinazoondolewa mezani katika ofisi za Ulaya na Marekani husafirishwa hadi mataifa kama Kenya, zikafutwa vumbi na kupangwa katika maduka ya Luthuli Avenue na barabara jirani jijini Nairobi.

Kwa hivyo mnunuzi wa Kenya ana kila sababu ya kujiuliza swali ambalo tangazo la dukani halilijibu: mashine hii imebakisha uhai wa muda gani?

Swali hilo si la anasa. Mwanafunzi wa chuo kikuu huomba mkopo wa HELB mtandaoni, huwasilisha kazi zake mtandaoni, na tangu janga la Covid-19 mwaka wa 2020 baadhi ya masomo yake huyapata papo hapo mtandaoni. Mfanyabiashara mdogo hujaza fomu za ushuru katika iTax kabla ya Juni 30. Anayesaka hati za serikali huelekezwa eCitizen. Ingawa simu ya mkono inaweza kufanya baadhi ya kazi hizo, hakuna anayependa kuandika tasnifu ya kurasa 80 kwa kidole gumba. Kipakatalishi kikizimika katikati ya muhula, kinachopotea ni zaidi ya pesa za fundi.

Na ajabu ya vipakatalishi vikuukuu ni kwamba mara nyingi havifi mara moja. Huzimika, vikapelekwa kwa fundi, vikafufuka, vikafanya kazi wiki tatu, kisha vikazimika tena kwa namna ile ile. Mwenyewe hulipa mara ya kwanza kwa matumaini, mara ya pili kwa manung'uniko, na mara ya tatu kwa sababu tayari ameshalipa mara mbili. Hapo ndipo mtego ulipo, na yafaa tuuchunguze kwa makini.

Kisa kilichoandikwa vyema zaidi kuhusu tatizo la aina hii kilitokea Marekani. Mnamo Julai 2008, kampuni ya Nvidia, ambayo siku hizi inajulikana zaidi kwa chipu za akili bandia, ilitangaza kwamba ingetenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kugharimia marekebisho ya chipu zake za picha zilizokuwa zikiharibika katika vipakatalishi kwa kiwango kisicho cha kawaida. Kasoro ilitokana na udhaifu wa vifaa vilivyotumiwa kuishikiza chipu kwenye kibao chake kidogo. Kila mashine ilipowashwa, chipu ilipata joto na kutanuka. Ilipozimwa, ilipoa na kunywea. Baada ya kurudia hali hiyo mamia ya mara, viungio vyembamba mno vilipata nyufa.

Mtumiaji hakuona nyufa hizo. Alichoona ni mistari ya ajabu kwenye skrini, kisha giza, huku feni ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna lililotokea.

Mafundi kote duniani waligundua mbinu ya kuipasha moto chipu hiyo kwa mashine ya hewa moto, na wengine hata waliitia bodi nzima katika jiko la kuokea mikate. Mara nyingi mashine iliwaka! Joto lilizitanua sehemu zilizopasuka zikagusana tena. Lakini kugusana si kuungana. Baada ya siku au wiki kadhaa ufa ulijifungua upya, na mwenyewe akarejea kwa fundi akiamini kwamba amepatwa na hitilafu nyingine, kumbe ni ile ile.

Hata waliokwenda kwa watengenezaji hawakusalimika wote. Mtu aliyebadilishiwa bodi nzima angeweza kuwekewa nyingine yenye chipu ya kizazi kile kile, na saa ikaanza kuhesabu upya. Kesi ya pamoja iliyowahusu walionunua vipakatalishi vya HP, Dell na Apple vyenye chipu hizo ilimalizika kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama ya California mwishoni mwa mwaka wa 2010. Baadhi walipewa marekebisho, wengine mashine mbadala, na wapo walionung'unika kwamba mbadala huo ulikuwa wa bei ya chini mno kuliko walichonunua. Makubaliano hayo yaliwafaidi wakazi wa Marekani. Aliyenunua mashine kama hiyo ikiwa mtumba, Nairobi au Kisumu, hakuwa na dirisha la kubisha.

Wala kisa hicho hakikuwa cha mwisho. Vipakatalishi vya MacBook Pro vya mwaka wa 2011 vilikumbwa na tatizo la chipu za picha, na baada ya malalamishi ya muda mrefu pamoja na kesi iliyowasilishwa mwaka wa 2014, Apple ilianzisha mpango wa kuvirekebisha bila malipo Februari 2015. Kampuni hiyo hiyo ilianza mwaka wa 2015 kutumia kibodi nyembamba ambazo chembe moja ya vumbi ingeweza kukwamisha herufi. Mwaka wa 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi iliyohusu kibodi hizo.

Nimevirejelea visa hivi kwa sababu moja. Vinaonyesha kwamba hitilafu inayojirudia huenda haitokani na uzembe wa mwenye mashine wala ujinga wa fundi, bali ilizaliwa kiwandani. Mashine za aina hiyo haziharibiwi zote ziingiapo katika soko la mitumba. Ofisi ya ughaibuni huitumia mashine katika miaka yake ya afya na kuiuza uzee unapoanza kubisha hodi. Waranti ya mtengenezaji imekwisha, mpango wa marekebisho ya bure umefungwa, na mnunuzi wa tatu ndiye anayeurithi ugonjwa.

Ni kweli pia kwamba mazingira yetu huongeza chumvi kwenye kidonda. Vumbi la ukame huziba matundu ya hewa. Dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza hukauka baada ya miaka kadhaa, joto likakosa njia ya kutoka, na mashine ikajizima yenyewe ili isiungue. Mtu anayeitumia kitandani, ikiwa imezama katika blanketi, huizidishia shida. Kipakatalishi kinachozimika baada ya dakika 20 za kazi nzito lakini kikawaka vizuri kikishapoa, aghalabu kinalia joto. Kusafishwa na kupakwa dawa mpya ni kazi ya bei nafuu ambayo ingepaswa kutangulia matibabu mengine yote.

Halafu kuna betri. Wakenya wengi hutumia vipakatalishi ambavyo betri zake zilikwisha nguvu zamani, vikategemea waya wa stima pekee. Katika nchi ambayo umeme hupotea bila kubisha, huko ni kuicheza shere diski. Betri nzima huwa kama bwawa la akiba linalomeza misukosuko. Isipokuwapo, kila umeme unapokatika mashine huanguka ghafla ikiwa katikati ya kuandika data. Chaja ghushi nazo hutoa nguvu zisizo thabiti. Betri iliyovimba, kwa upande wake, haifai kuvumiliwa hata siku moja kwa sababu inaweza kushika moto.

Tuwe waadilifu kwa mafundi. Wengi wa vijana walioketi nyuma ya meza finyu za Luthuli wana ustadi ambao baadhi ya wahandisi wenye shahada hawana. Hata hivyo, biashara yenyewe humlipa fundi kwa kuifufua mashine mbele ya macho ya mteja; hailipi sana kazi ya kuketi na kutafuta chanzo. Michoro ya bodi, ambayo ingemwonyesha mkondo wa umeme ulipokatikia, watengenezaji wengi huificha kama siri ya jeshi. Vipuri vingi hung'olewa kutoka mashine zilizokufa, kwa hivyo kipuri "kipya" huenda kikawa na umri sawa na kilichotolewa. Mteja naye, akiambiwa kwamba uchunguzi peke yake una gharama, huondoka kwenda meza inayofuata.

Swali ambalo mteja anapaswa kumuuliza fundi ni jepesi: umebadilisha nini, na kwa nini kile cha awali kiliharibika? Fundi akijibu kwamba ameweka diski mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa na sehemu zilizokufa, hilo ni jibu. Akijibu kwamba "ameipasha moto kidogo", basi mwenye mashine ahesabu kwamba amenunua muda tu, na autumie muda huo kuhamisha faili zake zote. Memori, diski, betri, feni, kibodi na hata skrini ni viungo vinavyobadilishwa na maisha yakaendelea. Bodi kuu inayorudia hitilafu ile ile mara ya tatu ni habari nyingine. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kusimama, hasa ikiwa jumla ya gharama za mwaka mmoja imekaribia nusu ya bei ya mashine nyingine ya hali kama hiyo.

Jambo linalosikitisha ni kwamba watu hupigania mashine wakasahau kilichomo. Kipakatalishi huuzwa dukani. Tasnifu ya miaka miwili haiuzwi popote. Mashine iliyokwisha kuonyesha dalili haifai kuwa makao pekee ya kazi ya mtu. Nakala moja katika diski ya nje na nyingine katika hifadhi ya mtandaoni zinagharimu kidogo kuliko safari moja kwa mtaalamu wa kuokoa data, ambaye hata hatoi hakikisho. Na bodi ikifa, diski mara nyingi huwa hai. Katika mashine nyingi za zamani inaweza kutolewa na kusomwa kwenye tarakilishi nyingine. Katika mashine nyembamba za siku hizi, ambazo hifadhi imelehemiwa kwenye bodi, hakuna bahati hiyo, na bodi ikifa huenda na kila kitu.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora ufaao, kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, na kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Sheria ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inamdai mfanyabiashara auze bidhaa inayostahili kuuzwa, ila ina shubiri yake: mnunuzi akiikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana wauzaji hupenda kumwambia mteja "iwashe uione mwenyewe". Lakini ufa ulio ndani ya chipu hakuna mteja anayeweza kuuona kwa kuwasha mashine dakika 5, na ni vigumu kuona jinsi kibao cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" kinavyoweza kufuta haki iliyomo katika Katiba.

Mahali pa kulijaribu suala hilo pamekuwapo tangu Aprili 2021, Mahakama ya Madai Madogo ilipofunguliwa Milimani, Nairobi. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mlalamishi anaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60. Risiti yenye jina la duka, nambari ya mashine na muda wa waranti ndiyo silaha. Mnunuzi anayekubali kuondoka na karatasi iliyoandikwa "laptop 1" amejivua nguo kabla ya vita.

Ulaya imeanza kuwabana watengenezaji wenyewe. Tangu Januari 2021, Ufaransa inataka vipakatalishi viuzwe vikiwa na alama inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kuvirekebisha, kuanzia upatikanaji wa vipuri hadi urahisi wa kuvifungua. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka wa 2024 mwongozo kuhusu haki ya kurekebisha bidhaa, nchi wanachama zikipewa hadi Julai 31, 2026 kuutekeleza. Orodha yake ya kwanza ina mashine za kufulia, majokofu, simu na tableti. Vipakatalishi havimo.

Wakati huo huo taka zinazidi kurundikana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na ni asilimia 22.3 pekee zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea taka za kielektroniki za aina yoyote iarifiwe na kukubali kabla ya shehena kung'oa nanga. Mashine inayofanya kazi haihesabiwi kuwa taka. Basi afisa wa bandari ya Mombasa atakayefungua kontena la vipakatalishi 500 atalazimika kuamua ni vipi vizima na ni vipi vilivyopashwa moto juzi ili viwake siku ya ukaguzi, na kifaa pekee cha kumsaidia ni kuviacha vikiwaka kwa saa kadhaa.