Maswali ya Wasomaji: Wabuddha Hushika Nini?

Mwalimu mmoja ametuletea swali. Wanafunzi wake walipita mbele ya hekalu la Wabuddha mjini Dar es Salaam, lile lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20. Wakamwuliza, "Watu hawa hushika nini?" Naye ataka jibu fupi la kuandika ubaoni.

Ndugu mwalimu, jibu fupi tunalo, walakini halitakufikisha mbali. Wote humheshimu Buddha, aliyeishi katika nchi za India zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akafundisha habari ya mateso ya wanadamu na njia ya kuondokana nayo. Ukitoka hapo, desturi ni nyingi, na nyingine zapingana.

Tazama Thailand. Alfajiri watawa hutoka miguu mitupu, kila mtu na bakuli lake, na watu huwangoja njiani na wali. Mtawa hahesabiwi kuwa mwombaji; mwenye kutoa ndiye aonaye kwamba amepata thawabu. Baada ya adhuhuri mtawa hali chakula mpaka kesho yake, wala haoi. Vijana wengi huingia utawani kwa majira ya mvua tu, au hata siku chache, ili thawabu iwafikie wazazi wao, hasa mama. Kisha huvua lile vazi, wakarudi kazini na kuoa.

Mtawa huyo akifika Japan atashangaa. Huko kasisi wa hekalu mara nyingi ana mke, na mwanawe ndiye atakayerithi kazi. Shinran, aliyefariki mwaka 1263, alioa waziwazi, akafundisha kwamba mtu hawezi kujiokoa kwa juhudi zake, bali atumaini rehema ya Buddha aitwaye Amida na kulitaja jina lake. (Wamisionari Wajesuiti wa karne ya 16 waliposikia hayo walimkumbuka Luther, wala hawakufurahi.) Mwaka 1872 serikali iliwapa watawa wote ruhusa ya kuoa na kula nyama.

Lakini iko tofauti iliyo kubwa kuliko ndoa na chakula, nayo ni hii: maskini aambiwe nini? Katika nchi nyingi za Kibuddha watu hufundishwa kwamba kuzaliwa katika hali ya juu au ya chini ni matunda ya matendo ya maisha yaliyotangulia. Bwana Ambedkar wa India alilikataa neno hilo. Alizaliwa mwaka 1891 katika jamaa za wale walioitwa wasioguswa, akasoma hata akawa mwanasheria, akaongoza kamati iliyoandika katiba ya nchi yake. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliiacha dini ya Kihindu akawa Mbuddha, na pamoja naye watu mamia ya maelfu. Hakutafuta hekalu la kutulia moyo. Alitafuta dini isiyomwambia mtu kwamba unyonge wake ni haki yake. Alifariki Desemba mwaka ule ule, na Wabuddha wengi wa India leo ni watu wale na wazao wao.

Wala usiandike ubaoni kwamba Wabuddha wote ni watu wa amani, kama vitabu vingi visemavyo. Wala usiandike kinyume chake. Katika Myanmar, mwaka 2007, maelfu ya watawa waliandamana bila silaha mbele ya askari wa serikali. Miaka michache baadaye, katika nchi ile ile, baadhi ya watawa walihubiri chuki juu ya Waislamu. Na mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh, wakifukuzwa na jeshi.

Machi 2013 fujo ilipotokea Meiktila na nyumba za Waislamu zikachomwa moto, mkuu wa makao ya watawa mjini humo aliwafungulia mamia yao. Kundi la watu likaja mlangoni likidai watolewe. Akawaambia wakitaka kuwachukua, kwanza wamwue yeye. Wakaondoka.