Kung'oa propela shafti ni kukaribisha hasara

Umekuwapo kwa muda mrefu mtindo wa wamiliki wa magari yaliyotumika kutoka Japani kupeleka gari gereji na kumwagiza fundi ang'oe propela shafti. Gari lililokuwa likisukumwa na magurudumu yote manne hurudi barabarani likivutwa na mawili ya mbele tu. Sababu inayotolewa karibu kila mara ni kwamba petroli imepanda bei na fowili inakunywa sana.

Anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, safari yote juu ya lami, anaweza kuendesha hivyo kwa muda asione tatizo. Swali ambalo pengine angeulizwa ni kwa nini alinunua fowili. Lakini mfanyabiashara anayefuata karoti, kabichi na nyanya katika vijiji vya milimani Lushoto hana lami ya namna hiyo. Lami ya kutoka Mombo inampeleka hadi mjini, kisha barabara nyingi za kwenda mashambani ni udongo mwekundu. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, udongo huo huteleza kama sabuni.

Jambo ambalo mafundi wengi hawamwelezi mteja wao ni mzigo unakokaa. Magunia na matenga hupakiwa nyuma. Gari likianza kupanda mlima, uzito huzidi kuegemea nyuma na pua ya gari huwa nyepesi. Magurudumu ya mbele, ambayo sasa ndiyo pekee yenye nguvu ya injini, hukosa kitu cha kuyakandamiza chini. Ya nyuma yamekandamizwa vizuri kabisa, lakini hayana kazi. Dereva hukanyaga mafuta, gurudumu moja la mbele huzunguka bure, na gia ndogo za ndani ya difu ya mbele huchemka na kusagika. Jointi za ekseli za mbele nazo hupigwa wakati usukani umekatwa na injini inanguruma. Hiyo ni gharama ambayo haikuwamo katika hesabu ya petroli.

Kushuka kuna hatari yake pia, na hapa linalozungumzwa ni roho za watu. Dereva akiachia mafuta kwenye mteremko wenye tope, kazi ya injini ya kulizuia gari huangukia magurudumu ya mbele peke yake, na hayohayo ndiyo yanayokata kona. Yakianza kuteleza, usukani haufanyi kitu. Gari lenye shafti yake hugawa kazi hiyo mbele na nyuma.

Ifahamike pia kwamba fowili si aina moja. Toyota Probox na Corolla Fielder za fowili huvutwa zaidi na magurudumu ya mbele. Ya nyuma hupewa nguvu pale ya mbele yanapoteleza, kwa kupitia kifaa chenye visahani na mafuta mazito ya silikoni. Kwa maana hiyo, kwenye barabara kavu nguvu kubwa ilikuwa mbele hata kabla fundi hajaingia chini na spana. Anachookoa mwenye gari ni uzito wa shafti na msuguano wake. Ikichukuliwa kwa ukarimu kwamba ameokoa asilimia 5, na gari linatumia lita 100 kwa mwezi, ni lita 5. Matenga ya nyanya yaliyolala usiku mmoja njiani, yakafika sokoni yamelainika, yanazimeza lita hizo za miezi mingi.

Subaru ni habari nyingine. Nyingi zenye giaboksi ya otomatiki ya gia nne zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD. Fyuzi ikichomekwa hapo, magurudumu ya nyuma hukatiwa nguvu. Kampuni iliiweka kwa ajili ya safari fupi wakati gari limefungwa tairi dogo la akiba, na wapo wanaoiacha fyuzi hiyo mwaka mzima. Matokeo yake ni kwamba vaivu ya umeme ndani ya giaboksi hufanya kazi bila kupumzika, na siku ikiungua, kuifikia ni kazi ya kufungua giaboksi. Subaru ya gia za mkono haina nafasi hiyo. Ukiitoa shafti yake, mzigo wote wa injini huangukia kifaa cha silikoni kilicho kwenye difu ya kati. Kifaa hicho huungua mapema, na mafuta ya giaboksi huvuja kupitia tundu la nyuma kama halikuzibwa.

Lakini petroli mara nyingi ni kisingizio. Shafti nyingi hutolewa kwa sababu beringi ya kati imekufa au krosi zimelegea, gari linatetemeka, na mwenye gari hana fedha ya spea. Nyuma ya uchakavu huo wa fowili mara nyingi kuna matairi. Mtu hununua mawili mapya akafunga mbele, nyuma akaacha vipara, au akachanganya saizi. Tairi lililoisha ni dogo kuliko jipya, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa. Kifaa cha silikoni hudhani gari linateleza, kikafanya kazi siku nzima juu ya lami kavu hadi kikafa. Afadhali fedha iliyopangwa kumlipa fundi wa kung'oa iende kwenye matairi manne ya saizi moja, au kwenye beringi hiyo.

Anayenunua gari mkononi mwa mtu naye aingie chini kabla ya kulipa. Maandishi ya 4WD kwenye mlango wa nyuma hayathibitishi chochote. Akute chuma kirefu kinachotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu ya nyuma. Asipokikuta, aulize kilipo. Kama kimehifadhiwa pamoja na bolti zake, mazungumzo yanaweza kuendelea baada ya fundi mwingine kuikagua difu. Kama kiliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, basi bei ya fowili isilipwe.