Habari moja, mistari thelathini: ripoti ya blogu inavyotuchezea Kitale na Bungoma

Juzi kidogo niache kuandika kuhusu mahindi. Ripoti ya wasomaji ilisema udaku wa soka uko juu, na bei ya gunia la kilo 90 hapa Kitale iko chini kabisa. Mama mwenye agrovet Bungoma, aliyetaka kuweka tangazo kwenye habari za mahindi, akaniuliza: "Kijana, sasa hizi zinasomwa na nani?" Nikanyamaza.

Kumbe wasomaji walikuwepo. Habari ya soka watu waliipata kwa Google, kwa anwani moja. Ya mahindi ilizungushwa, na kila mzunguko ukaipachika mkia. Ukiifungua blogu ya Blogspot kwa simu, anwani inaongezwa ?m=1. Ukibofya kutoka Facebook, unabandikwa fbclid na herufi ndefu zinazobadilika kila mara. Halafu mimi mwenyewe nilituma linki zenye alama za utm kwa magrupu mawili ya WhatsApp, la Kitale na la Bungoma. Ukurasa ni uleule, lakini ripoti inayosoma anwani nzima iliukata vipande zaidi ya thelathini.

Kwa GA4, iliyochukua nafasi ya Analytics ya zamani Julai 2023, chagua njia ya ukurasa bila mkia. Ripoti uliyokwisha kupakua itie kwenye jedwali, kata kuanzia alama ya kuuliza, jumlisha. Ila usikate tu ovyo: kuna tovuti za WordPress ambazo ?p=123 ndiyo habari yenyewe, ukikata hapo zote zinakuwa moja. Pia herufi kubwa na mkwaju wa mwisho huleta mistari miwili hata bila mkia.

Kitu wengi tunakosea: mara za kusomwa zinajumlishwa, watu hawajumlishwi. Mkulima wa Kiminini aliye kwenye magrupu yote mawili akifungua linki zote, kila mstari unamhesabu. Ukijumlisha, umeuza mtu mmoja mara mbili. Huo ni uongo, hata kama hukukusudia.

Nikarudi kwa mama na mara za kusomwa pekee. Mahindi yalikuwa yamepita soka. Hakushtuka. "Na wa huku kwetu? Mimi siuzi mbolea Nairobi."

Bahati nzuri mikia sikuwa nimeifuta, niliihamishia safu ya pembeni. Nikamwonyesha mstari wa grupu la Bungoma, nikamwambia wazi kwamba linki huweza kusambazwa popote. Amelipia wiki mbili za kwanza.